Saa Moja ya Fumbo Ni Shilingi Ngapi Kakola?

Bei iliyoandikwa kwenye duka la mtandaoni la Steam ni dola 9.99. Gemu yenyewe ni Limbo, iliyotolewa mwaka 2010 na kampuni ya Playdead ya Copenhagen. Mtoto anapita msituni, anasukuma makreti, anabembea kwenye kamba na kupima uzito wa vitu ili apate pa kupita. Kwa mchezaji aliyeko Kakola, makazi yaliyo ubavuni mwa mgodi wa Bulyanhulu katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoani Shinyanga, dola hizo ni tarakimu ya kwanza tu ya hesabu, na kwa gemu nyingine za aina hiyo si hata tarakimu kubwa kuliko zote.

Ninaposema gemu ya fumbo la fizikia nina maana ya ile ambayo njia ya kusonga mbele hupatikana kwa kutumia uzito, mwendo, msuguano na mvutano, na ambayo ndani yake kuna safari au kisa. Angry Birds ya mwaka 2009 ni jirani yake wa karibu, lakini haina safari, kwa hiyo imebaki nje. Na ninaposema msukumo nina maana ya kile kinachomfanya mtu aendelee kucheza baada ya kuzoea vitufe. Swali ni dogo: kumpatia mchezaji gemu inayolingana na msukumo wake kunagharimu kiasi gani, na sehemu ipi ya gharama hiyo hupotea akikosea kuchagua.

Kwanza viwango nilivyotumia. Dola moja nimeihesabu shilingi 2,500, namba ya duara iliyo rahisi kusahihisha: dola ikipanda kwa shilingi 100, Limbo hupanda kwa karibu shilingi 1,000. Kwa upande wa intaneti nimechukua mipaka miwili ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliitoa mwaka 2021 kwa bei ya MB moja ndani ya kifurushi: isiwe chini ya shilingi 2.03, isizidi shilingi 9.35. Vifurushi vipya vilivyofuata Aprili mwaka huo vilizua malalamiko na vikasitishwa, hivyo sidai kwamba ndizo bei za leo. Zinafaa kama kingo mbili za barabara. Kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni mara 4.6, na tofauti hiyo pekee inatosha kugeuza baadhi ya majibu hapa chini.

Kwa kiwango hicho cha dola, Limbo ni shilingi 24,975. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 500,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa mwenye leseni ya uchimbaji, 300,000 kwa aliye chini ya leseni ndogo ya uchimbaji, na 150,000 kwa biashara na viwanda. Wiki ya saa 45 hutoa mwezi wa saa 195, kwa hiyo saa moja ni takriban shilingi 2,564, 1,538 na 769. Kwa viwango hivyo vya 2023, Limbo basi ilikuwa saa 9.7 za kazi kwa wa kwanza, saa 16.2 kwa wa pili na saa 32.5 kwa wa tatu. Marekani, ambako kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, gemu hiyo hiyo ni saa 1.4. Bei ni moja, lakini kwa amri hiyo muuza duka wa Kakola aliilipia kwa muda unaozidi wa Mmarekani huyo karibu mara 24.

Ulinganisho huo una kasoro mbili. Kima cha chini ni sakafu, na wapo wengi ndani ya uzio wa mgodi wanaolipwa juu yake. Nje ya uzio, hasa kwenye mashimo yaitwayo maduara na mialo ya kuoshea mawe, mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama aghalabu hana mshahara wa mwezi. Hupata mgao wa mawe, na mawe yasipotoa dhahabu hupata chakula tu. Kumhesabia "saa ya kazi" ni kubuni. Kwake shilingi 25,000 inaweza kuwa kitu kidogo wiki hii na mlima wiki ijayo, na hakuna wastani unaoonyesha hilo.

Sasa bando. Limbo inahitaji nafasi ya MB 150, yaani shilingi 305 za kupakua kwenye ukingo wa chini au 1,403 kwenye ukingo wa juu. Hata ikiwa juu, ni chini ya asilimia 6 ya bei. Inside, gemu iliyofuata ya Playdead mwaka 2016, inauzwa dola 19.99 na inahitaji GB 3. Hapo bando ni kati ya shilingi 6,236 na 28,723 juu ya bei ya shilingi 49,975, yaani asilimia 12 hadi 57. Kurudufu bei kulionekana kwenye lebo. Kuzidisha bando mara 20 hakukuonekana popote.

Portal 2 ya Valve, ya mwaka 2011, inapindua mpangilio kabisa. Bei yake ya kawaida ni dola 9.99 kama Limbo, lakini inahitaji GB 8. Kuipakua ni shilingi 16,630 kwenye ukingo wa chini na 76,595 kwenye ukingo wa juu, na hiyo ya juu ni mara tatu ya gemu yenyewe. Katika misimu ya punguzo imewahi kuuzwa dola 0.99, shilingi 2,475. Mnunuzi anayefurahia punguzo la asilimia 90 anapaswa kuangalia jumla: kutoka shilingi 41,605 hadi 19,105 kwa bando la bei nafuu, lakini kwa bando la bei ghali ni kutoka 101,570 hadi 79,070. Punguzo la asilimia 90 limemfikia likiwa asilimia 54 katika hali ya kwanza na asilimia 22 katika ya pili. Lililobaki halikuwa la duka kupunguza.

Umeme nautaja kwa sababu watu huutaja sana. Kompyuta mpakato ya wati 60 ikiwaka saa tatu na nusu hutumia uniti 0.21. Kwa bei ya TANESCO ya kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti iliyoanza 2016, ni shilingi 61 kabla ya kodi na tozo. Tuendelee.

Kipimo ambacho wachezaji wenyewe hupenda ni gharama kwa saa. Limbo huisha kwa takriban saa tatu na nusu, Inside vivyo hivyo, na Portal 2 kwa mtu mmoja ni takriban saa nane na nusu. Kwa kujumlisha bei na bando, saa ya Limbo ni shilingi 7,223 hadi 7,537, ya Inside ni 16,060 hadi 22,485, na ya Portal 2 ni 4,895 hadi 11,949. Tazama upana wa mabano hayo. Limbo karibu haijali unalipia bando kiasi gani. Portal 2 inaweza kuwa nafuu kuliko Limbo au ghali kuliko Limbo, kutegemea bando tu, bila gemu kubadilika hata chembe.

Kipimo hicho pia kina dhana iliyojificha: kwamba kila saa ina thamani sawa, na kwamba saa nyingi ni bora kuliko chache. Kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku na ana saa mbili kabla ya kulala, gemu inayoisha kwa vikao viwili inaweza kuwa hasa anachokihitaji, na urefu wa Portal 2 ukawa kasoro. Hapo ndipo msukumo unapoingia, na hapo ndipo takwimu zinapokuwa laini.

Mgawanyo maarufu wa misukumo ni wa Mwingereza Richard Bartle, uliochapishwa mwaka 1996: wapo wanaotafuta mafanikio, wanaotafuta kugundua, wanaotafuta watu, na wanaotafuta kuwaonea wengine. Chanzo chake kilikuwa mjadala wa wachezaji wazoefu wa gemu moja ya maandishi nchini Uingereza, uliodumu kuanzia Novemba 1989 hadi Mei 1990. Kwa maelezo yake mwenyewe, wachangiaji wakuu walikuwa 15 na wadogo 15. Watu 30 basi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,241,299 mkoani Shinyanga na 2,977,608 katika mkoa jirani wa Geita, jumla 5,218,907. Kuna vijana wengi katika jumla hiyo ambao mgawanyo huo unatumika kuwapendekezea gemu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba waliokaa kwenye kompyuta za Uingereza mwaka 1989 walikuwa sampuli yao.

Kampuni ya Quantic Foundry, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Nick Yee na Nicolas Ducheneaut, ilikuja na misukumo 12 katika jozi sita, na dodoso lake limejibiwa na watu zaidi ya milioni moja. Ni kazi nzito kuliko ile ya kwanza. Lakini waliojibu ni waliojitokeza wenyewe mtandaoni, wenye hamu ya kujua wao ni wachezaji wa aina gani. Kuongeza idadi kunapunguza makosa ya bahati nasibu. Hakupunguzi kosa la kuwauliza watu wa aina moja. Mtu anayeshinda duarani akivuta viroba vya mawe kwa kamba na roda, je, jioni anataka gemu ya kamba na makreti kwa sababu anaijua kazi hiyo, au anaikimbia kwa sababu hiyo hiyo? Dodoso halina kisanduku cha kazi ya mchana.

Nikiichukua misukumo hiyo 12 kama orodha ya kazi tu, mitano inahusika na gemu za fumbo la fizikia: changamoto, ugunduzi, kisa, ubunifu na ushirika. Kwa ugunduzi, Limbo na Inside zinasimama vizuri kwa sababu nyingine ambayo hesabu ya bei haina: hazina mazungumzo. Kisa husomwa kwa picha. Portal 2 imejaa maneno ya Kiingereza, na vichekesho vyake vingi vimo humo. Mafumbo yake ya milango na mihimili ya mwanga hayahitaji lugha, kwa hiyo anayesukumwa na changamoto hapungukiwi sana. Anayesukumwa na kisa, na asiyekifuata Kiingereza cha haraka, analipia GB 8 na kupata sehemu tu. Steam kwenyewe hakuna kiolesura cha Kiswahili.

Anayesukumwa na ubunifu ana World of Goo, ya mwaka 2008, iliyotengenezwa na Kyle Gabler na Ron Carmel. Mchezaji hujenga madaraja na minara kwa matone yanayonata, na mnara usiosawazishwa huanguka. Inahitaji karibu MB 100, yaani shilingi 203 hadi 935 za bando. Gemu hii pia imeacha takwimu za nadra kuhusu thamani ambayo watu huipa gemu ya namna hii. Oktoba 2009, ilipotimiza mwaka, iliuzwa kwa bei ya kila mtu kujipangia, baada ya kuanza kwa dola 20 kwenye kompyuta. Takriban watu 57,000 waliinunua, wastani ulikuwa dola 2.03, na kiasi kilicholipwa na wengi kuliko vyote kilikuwa senti moja. (Tarakimu 2.03 kufanana na ile ya TCRA ni sadfa tu.) Wastani huo ni shilingi 5,075, moja ya kumi ya bei ya awali. Sitaki kuutumia kama kipimo cha thamani halisi: waliokuwa tayari kulipa dola 20 walikwishanunua mwaka uliotangulia, na waliobaki ndio walioingia kwenye wastani.

Watengenezaji hao hao walikadiria kwamba nakala za wizi zilikuwa karibu asilimia 90, kisha wakahesabu upya wakizingatia anwani za intaneti zinazobadilika na watu wanaoweka gemu kwenye kompyuta zaidi ya moja, wakashuka hadi asilimia 82. Natoa mfano huu kwa sababu kila mji wa machimbo una kibanda cha kurushia nyimbo na muvi kwenye flashi, na gemu hupita humo humo. Kwa hesabu kavu, flashi inafuta mistari miwili kwa mpigo: bei ya duka na bando. Haifuti sheria ya hakimiliki, na haifuti virusi. Ila inaeleza kitu ambacho hoja za maadili hukiruka. Kwenye ukingo wa juu, zaidi ya robo tatu ya anachookoa mtu kwa kunakili Portal 2, shilingi 76,595 kati ya 101,570, hazingemwendea mtengenezaji kwa vyovyote. Zilikuwa za kampuni ya simu.

Ushirika unabadilisha mgawanyo wa hesabu kuliko msukumo mwingine wowote. Portal 2 ina safari ya pili ya watu wawili, takriban saa tano na nusu, ndani ya upakuaji ule ule. Saa 8.5 za mmoja ukijumlisha na 5.5 mara mbili ni saa-mtu 19.5. Chukua ukingo wa chini, shilingi 41,605, ongeza pedi moja ya kuchezea ambayo nimeikadiria shilingi 25,000, gawanya: shilingi 3,416 kwa saa-mtu, badala ya 4,895. Nafuu ni asilimia 30, kwa sharti kwamba rafiki anakuja kweli.

Limbo haina nafasi ya mchezaji wa pili, lakini fumbo hutazamwa. Watu watano kwenye kochi moja, mmoja ameshika vitufe na wanne wanabishana jiwe lisukumwe wapi, wakichangia shilingi 26,378, kila mmoja ametoa 5,276, sawa na 1,507 kwa saa. Kibanda cha gemu cha mtaani, tukichukulia kinatoza shilingi 1,000 kwa saa, bado ni nafuu, lakini humo ni mpira, na mpira unalisha msukumo wa mashindano. Aliyeingia kutafuta fumbo hapati chake hata kwa shilingi 200.

Kuna pia gemu za bure zenye matangazo. Chukulia matangazo 15 kwa saa, kila moja MB 4 na sekunde 30. Bando ni MB 60, shilingi 122 hadi 561 kwa saa, na dakika saba na nusu zimeliwa, asilimia 12.5 ya saa. Kwa fedha, hakuna kinachozikaribia. Kila mtoto mwenye simu anajua pia kuzima data kabla ya kuifungua. Ambacho makadirio haya hayakamati ni kwamba gemu za namna hii hujengwa kwa ngazi fupi fupi, tangazo liingie katikati, na safari ndefu yenye kisa haivumilii kukatwa namna hiyo. Anayesukumwa na changamoto ya dakika tatu yuko sawa. Wa kisa hayuko.

Tufike kwenye gharama ya kukosea. Tangu 2015 Steam hurudisha fedha kwa anayeomba ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa mbili. Saa mbili ni asilimia 57 ya Limbo au Inside, dirisha pana sana, na asilimia 24 ya Portal 2. Lakini kinachorudi ni dola. Bando halirudi. Tuseme mtu anapata gemu inayomfaa moja katika kila tatu, namba niliyoichagua mimi ili kuonyesha mwendo wa hesabu. Kwa wastani atakosea mara mbili kabla ya kupatia. Akijaribu gemu zenye ukubwa wa Inside, makosa mawili yatamgharimu shilingi 12,472 hadi 57,446 zisizorudi. Akijaribu zenye ukubwa wa Limbo, ni 609 hadi 2,805. Uwezekano wa kupatia ni ule ule. Kwa hiyo ukubwa wa faili unastahili kutangulia maswali ya msukumo wakati mtu hajui bado anapenda nini, na zile GB 8 zisubiri hadi ajue.

Njia nyingine ni kutazama video ya dakika kumi za mwanzo kabla ya kununua. Nikikadiria MB 80, ni shilingi 162 hadi 748, asilimia 2.6 ya kupakua Inside. Ni jaribio la bei rahisi kwa wenye msukumo wa changamoto au ubunifu, maana kumwona mwingine akijenga mnara hakumzuii mtu kujenga wake. Kwa mwenye msukumo wa ugunduzi ni tofauti: ameshaona alichotaka kukigundua. Katika gemu ya saa tatu na nusu, dakika kumi ni karibu asilimia 5, na ni asilimia 5 ambayo haigunduliki tena.

Kijana mwenye shilingi 30,000, basi, akitaka kuanza na Limbo: bei 24,975, bando la ukingo wa juu 1,403, jumla 26,378. Zinabaki 3,622, zinazotosha video nne za kujipima kabla, 2,992, na chenji ya 630. Hesabu hiyo inadhani kwamba bei ya dukani imejumuisha kila kitu. Sheria ya Tanzania inatoza VAT kwa huduma za kielektroniki zinazotoka nje, na kiwango cha kawaida cha asilimia 18 kikiongezwa juu ya bei hiyo Limbo inakuwa 29,471. Pamoja na bando la bei ghali ni 30,874, pungufu ya shilingi 874 kabla ya video hata moja. Kwa bando la bei nafuu ni 29,776, na zinabaki 224, zinazotosha video moja.